Habari Iliyoishia Kwangu

Tlawi, alasiri

Mwanangu Paskalina,

Habari za blanketi, sweta mbili na basi la asubuhi kutoka Mbulu, mama yako amekwisha kukuambia mara nyingi kuliko unavyoweza kusahau. Mimi sizirudii. Wewe umekwenda Maretadu kumuaga bibi, nami nimekaa mezani na kalamu, kazi ambayo sijaifanya kwa urefu tangu chama cha ushirika kilipofungwa. Mwandiko wangu ni ule ule wa karani, ila mkono umezoea jembe, kwa hiyo univumilie.

Jumatatu nilikuona unatoa nguo kwenye begi. Ulizitoa moja moja, ukazitundika tena kwenye kamba ya chumbani. Sikukuuliza kitu. Mwaka jana pia ulizitoa, ukasema hujawa tayari, nafasi ya chuo ikapita, nami nikasema kila jambo lina wakati wake. Nilisema kama mtu mwenye busara, kumbe nilikuwa mtu mwenye hofu. Nilijua kwa nini unabaki. Ulibaki kwa sababu nyumba hii ina watu watatu, wawili hawasemeshani, na wewe ndiye njia pekee ya kupitisha neno. Nilinyamaza kwa kuwa kubaki kwako kulinifaa. Naogopa kesho utafanya vile vile, utashuka kwenye basi kabla halijatoka stendi. Ndiyo maana naandika.

Mtu wa nje akisikia habari zetu atacheka. "Paskalina, mwambie baba yako chai iko tayari." Na mimi nimekaa kwenye kigoda, hatua tatu kutoka mdomo wake. "Mwambie mama yako nitakunywa baadaye." Wewe katikati, na daftari la shule mapajani. Na usidhani sikusikia ulivyokuwa unayatengeneza maneno yetu njiani. Siku moja nilisema, "Mwambie mama yako ugali huu ni mbichi," ukageuka ukamwambia, "Mama, baba anasema leo hana njaa sana, ila mboga ni nzuri." Mboga sikuwa nimeitaja. Nilitaka kucheka, nikajizuia, maana kucheka kungekuwa ni kumsemesha yeye.

Miaka minne, mwanangu. Kichwa kilikuwa kinakuuma kila jioni, nasi tukakupeleka zahanati kupimwa malaria.

Unamkumbuka Injinia Neema na vikasha vyake? Ulikuwa kidato cha pili. Alitoka chuo kikuu, mama wa makamo mwenye viatu vya mvua, akitaka kujua udongo wa mteremko wetu unashika unyevu siku ngapi baada ya mvua kukatika. Mimi nilichaguliwa kuwa msimamizi kwa sababu niliwahi kuwa karani na nilikuwa na kalamu mfukoni. Vikasha vilikuwa kumi na kimoja, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kimefungwa juu ya kijiti, ndani betri mbili za tochi, na waya mmoja umezama ardhini. Vilianzia juu kabisa mgongoni mwa kilima vikashuka hadi ofisi ya shule ya msingi, ambako kompyuta moja ilipokea habari zote.

Nilimwuliza kwa nini kikasha cha juu kisipige kelele moja kwa moja mpaka shuleni. Akacheka.

"Baba, kikipiga kelele betri inakwisha wiki moja. Hiki nguvu zake ni chache. Kinanong'ona kwa jirani, na jirani anamnong'oneza jirani. Muda mwingine wote kimelala."

Kisha akatufanyia jaribio, nadhani wewe ulikuwa shuleni siku hiyo. Alimsimamisha mama yako kwenye ukingo wa shamba letu, na Mama Akonaay ng'ambo ya korongo kwenye shamba lake. Mimi nikashushwa chini karibu na uzio wa shule, upepo ukivuma. Aliwapa sentensi wasiyoniambia. Mama yako akaisema peke yake kwa sauti ya kawaida, nikapata neno "shemeji" tu. Mama Akonaay akaisema peke yake, nikapata "mahindini". Kisha wakaisema pamoja, na hapo nikaipata yote, nikaijibu kwa kelele: "Ng'ombe wa shemeji wameingia mahindini!" Wanawake wale walicheka mpaka wakakaa chini kwenye majani. Injinia akasema ndivyo vikasha vitakavyofanya. Wawili wenye sauti ndogo wakirudia neno moja, unalolikosa kwa huyu unalipata kwa yule, na hakuna atakayechoka peke yake. Kwa hiyo habari za juu zingeshuka kwa njia mbili, kupitia kwetu na kupitia kwa Mama Akonaay.

Wiki iliyofuata mtoto mchanga wa Mama Akonaay akafa.

Wewe umekua wakati desturi hizi zinafifia, acha niziandike wazi. Nyumba iliyofiwa na mtoto ambaye hajaachishwa ziwa, wazee wetu husema ina metimani, na inatengwa. Hakuna kuazimana nayo moto. Watu wake hawachoti maji mahali pamoja na wengine, ng'ombe wake hawachanganyiki malishoni, na jirani hakanyagi shamba lake mpaka wazee waseme imetosha. Kanisani tulikwisha kufundishwa kuliacha jambo hilo, na wengi wameliacha. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya. Nilisali kwa sauti kubwa kuliko wote, na Jumapili niliitikia kila kitu. Lakini nilikuwa na ng'ombe sita, na niliogopa.

Injinia aliporudi kufunga vikasha, nilimwambia shamba la Mama Akonaay halishiki mawimbi. Ulikuwa uongo. Niliona aibu kumweleza mgeni msomi kwamba msimamizi wake anaogopa kuingia kwa jirani aliyefiwa. Akaniamini. Vikasha vya njia ya pili vikafungwa kwingine, na maneno ya vile vinne vya juu yote yakapitia namba tano, pale kwenye ua wa zizi letu.

Namba tano kikafa upesi. Wewe ndiye uliyebadilisha betri, maana zile skrubu ndogo macho yangu hayakuziona. Kikafa tena, ukabadilisha tena. Kila kikifa, vile vinne vya juu vilikuwa vizima, vina betri, vinasema, ila hakuna wa kuvipokea. Shuleni walidhani kilima kizima kimeharibika. Injinia akaja, akaitazama kompyuta yake muda mrefu.

"Baba, hiki hakilali. Wenzake wanalala, chenyewe kinabeba ya kila mtu. Si kibovu. Kimechoka tu."

Nawe ukasema, "Injinia, kuna njia nyingine kupitia kwa Mama Akonaay. Baba ndiye hataki tupite."

Nilikukemea mbele yake. Nilisema mtoto hasemi mahali wakubwa wanapozungumza, ukainamisha kichwa ukaendelea kukaza skrubu. Ulikuwa umesema kweli tupu. Nisamehe kwa siku ile, ingawa kuna kubwa zaidi linakuja.

Mama yako hakusubiri wazee. Tangu wiki ya maziko alikuwa anavuka korongo jioni, amebeba moto kwenye kigae na unga kwenye upindo wa kanga, anakaa na yule mama mpaka giza linaingia. Nilijua. Nilijifanya sijui, kwa sababu kujua kungenilazimu nikubali au nikatae, na mimi sikuwa na ubavu wa lolote kati ya hayo mawili.

Halafu mtamba wetu mwekundu akatupa mimba. Wazee watatu wakaja wakakaa kando ya zizi. Hii unaikumbuka, ulikuwa umesimama mlangoni. Mzee Tluway aliuliza, "Ni nani wa nyumba hii amekanyaga kule?" Wangeweza kuondoka bila jibu. Wamekwisha kuondoka bila jibu katika nyumba nyingi. Hakuna aliyenikaba koo. Mimi mwenyewe nikasema, "Ni mke wangu."

Mama yako alikuwa na kibuyu cha maziwa mkononi. Nikamwambia mbele yao akiweke chini, asikamue tena, asiingie zizini, na alale jikoni mpaka nitakaposema. Akakiweka chini taratibu, hakumwaga hata tone.

"Baba Emanueli," akasema, "umesema."

Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia mimi moja kwa moja. Baada ya mwezi alirudi kulala nyumbani, lakini chumbani kwako. Wazee wakaja wakaitoa ile nyumba ya ng'ambo kwenye kutengwa kwake, watu wakarudi kusalimiana na Mama Akonaay, wakamwazima jembe. Sisi tu ndio tulibaki vile vile. Kaka yako Emanueli alikuwa amekwisha kuhamia Endasak na mkewe, hakuona mengi. Aliyeona ni wewe.

Mpaka hapo ni mambo unayoyajua, hata kama hatujawahi kuyataja. Sasa nakuambia usilolijua.

Miezi miwili baada ya siku ile, ng'ombe wa pili akatupa mimba. Nikamwita bwana mifugo, akachukua damu. Alirudi na majibu siku ambayo wewe na mama yako mlikuwa mnavuna maharage, tukasimama wawili nyuma ya zizi.

"Mzee, huu ni ugonjwa. Hata kwa wenzako upo. Hapa umeingia na lile dume. Ulilitoa wapi?"

Nililitoa mnadani Katesh. Nilikwenda mwenyewe, nikalichagua mwenyewe, nikalileta kwa miguu siku mbili huku najisifu kwa kila niliyekutana naye njiani. Ulikuwa wakati wa kila mtu kujinunulia na kujiuzia, na hakuna aliyemuuliza muuzaji dume lake limetoka zizi gani. Lilifika kwetu mapema, wakati mtoto wa Mama Akonaay bado yu hai, ananyonya. Kwa hiyo haikuwa korongo, haikuwa kigae cha moto, haikuwa mama yako. Ilikuwa mimi.

Dume likachinjwa kama bwana mifugo alivyoelekeza, nami nikawaambia watu limevunjika mguu. Na habari ile ikaishia kwangu. Sikumwambia mama yako. Sikumwambia Mzee Tluway. Sikumwambia Mama Akonaay, ambaye watu wote wa mteremko huu walikwisha kuamini kwamba msiba wake umeua ndama wetu. Kila siku ulinipelekea maneno ya chai na kuni na chumvi, nami sikukupa hili moja lililohitaji kufika.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza kila nikienda zizini. Siku ya kwanza lingekuwa jambo la dakika mbili, lakini nikasubiri mavuno yaishe. Mavuno yalipoisha ikabidi nieleze pia kwa nini sikusema wakati wa mavuno. Baada ya mwaka, kosa la kunyamaza lilikuwa limeshakuwa kubwa kuliko kosa lenyewe. Hakuna mtu aliyenifungia, Paskalina. Mlango nimeufunga kwa ndani na ufunguo ninao mimi, na bado kwa miaka minne sijaweza kutoka. Nakula chakula chake, navaa shati alilofua, naona mgongo wake jikoni, na kila nikifungua mdomo jina linalotoka ni lako. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naumbuka polepole, kila mlo.

Wakati mwingine nilijitetea kwa hasira za zamani. Wanunuzi binafsi walipoingia na chama kikafunga mlango, nilikuwa mtu wa kununa. Nilikwenda kila kilabu nikisema watu wamekuwa wabinafsi, kidole kimoja hakivunji chawa, mtaona. Hata mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha na wengine wakashangilia, mimi nilinuna. Niliona ninayo haki. Lakini hebu mtazame huyo mhubiri wa ushirika: korongo moja la hatua arobaini lilimshinda kuvuka, na mkewe alilivuka kila jioni bila hotuba.

Nasita kukupa mashauri, maana sina duka la kuyauza. Nitasema tu nilichokiona kwa namba tano. Huko chuoni watu wataona upesi kwamba wewe unaweza kubeba. Wenye chumba kimoja na wewe watagombana, kila mmoja atakuja kwako, nawe utayalainisha maneno yao kama ulivyozoea hapa. Una akili hiyo na una huruma hiyo, na sijui umezitoa wapi, kwangu hukuzipata. Lakini nikuambie upande usiouona. Kila uliponitengenezea neno langu, ulinipunguzia sababu ya kulisema vizuri mwenyewe. Ugali ulipikwa, nguo zilifuliwa, mama yako alipata salamu ambazo sikuzituma, na mimi nikaweza kubaki nilivyo mwaka baada ya mwaka. Si kosa lako hata kidogo. Ulikuwa mtoto, na sisi wawili tulikuwa watu wazima waliokaa kimya ili mtoto achoke. Nasema tu kwamba siku moja ukiwaacha watu na ukimya wao, usijione mkatili.

Injinia hakukitengeneza namba tano. Unakumbuka? Alikipa nafasi ya kulala. Mwaka uliofuata, wazee walipokwisha kuruhusu, wewe na yeye mkafunga vikasha viwili ng'ambo, vikawa vinapokezana kubeba, na betri zile zilidumu mpaka mradi ukaisha. Mimi niliwapangia vifaa, nikabaki upande huu. Nilisema mguu unaniuma.

Niliacha kuandika kwa muda, sasa narudi. Acha nikuandikie kama kilivyotokea, kabla sijakitengeneza.

Mama yako ametoka jikoni, akasimama kwenye kizingiti, akasema, "Paskalina, mwambie baba yako maji ya moto yapo."

Wewe uko Maretadu. Yeye ndiye aliyekufungia kikapu cha bibi asubuhi, na ndiye aliyekusindikiza mpaka barabarani. Anajua hupo. Niliitazama karatasi hii nikisubiri aondoke. Hakuondoka.

Nikasema, "Nimesikia."

Nilisikia kuku, nikasikia moto jikoni. Kisha yeye akauliza, "Umesikia nini?"

Nikamwambia. Nilianza na dume, nikachanganya, nikarudi nyuma, nikamtaja bwana mifugo na siku ya maharage na mguu ambao haukuvunjika. Sikumtazama. Nilipomaliza alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono yake miwili imelala magotini, anaitazama. Nilitaka alie. Angelia ingekuwa rahisi kwangu.

"Miaka minne," akasema. "Mimi nilidhani labda ni kweli. Nilipokuwa naitwa kuzalisha, kumpokea mtoto wa mtu, nilikuwa nanawa mara tatu kabla ya kumgusa. Wajukuu wako wa Endasak niliwashika kwa kanga."

Mwanangu, hilo sikulijua. Katika mahesabu yangu yote ya aibu, nilidhani anajua kuwa hana kosa na kwamba ananinunia kwa sababu anajua. Haikunijia hata siku moja kwamba aliniamini.

Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Sijui. Usiniulize leo." Halafu akasema, "Na yule wa ng'ambo? Yeye anajua mwanawe alikufa, na anaamini ndama wako walikufa kwa ajili ya mwanawe. Kamwambie." Nikasema nitakwenda kesho, tukishakusindikiza stendi.

"Sasa hivi," akasema. "Mtoto asiondoke na hili mgongoni."

Nikamwuliza kama atanisaidia kuanza. Akasema atatembea na mimi mpaka korongoni, lakini kusema nitasema mwenyewe. Jumapili, kasema, nitarudia mbele ya Mzee Tluway na wenzake, pale pale zizini nilipolisemea lile la kwanza. Ameingia ndani kuchukua kanga.

Sijui kama Mama Akonaay atanikaribisha au atanifungia mlango. Nilikusudia barua hii uisomee ndani ya basi, lakini naiacha mezani uikute jioni hii. Ukirudi usitufuate. Usimwulize mama yako nilisema nini, wala usiniulize mimi alijibu nini. Tutakayoshindwa kuambiana, tutashindwa wenyewe. Kesho upande basi ukae.

Mama yako yuko nje, anaita. Ananiita mimi.

Baba yako